Jiwe Nililolikalia

Mwanangu Hamisi,

Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Shangazi yako naye kaisikiliza, usinikasirikie. Unauliza: jina lako limetoka Chuo Kikuu Ardhi, usimamizi wa ardhi na uthamini, uende, au ubaki na wenzako mnaouza viwanja, maana mwezi uliopita umepata kwa udalali hela ambayo mwenye shahada anaisubiri miezi mitatu? Unataka nikujibu kwa neno moja. Neno moja sina, ila nina habari ya jiwe.

Kile kiwanja cha kwanza unakijua juujuu tu, kwamba tulitapeliwa. Marehemu baba yako hakupenda kitajwe humu ndani. Ilikuwa 2004, wewe hata kutambaa bado. Nilikuwa nimepokea mchezo wa kina mama, laki tatu, baba yako akaongeza laki sita alizoweka tangu tuoane. Dalali akatuvusha Kigamboni kwa pantoni, daraja lilikuwa bado miaka 12 lijengwe likamilike, tukatembea mpaka kwenye shamba la mikorosho. Mwenye shamba mzee mpole, dalali kijana mwenye maneno matamu. Kila baada ya dakika anatazama saa: kuna mtu wa Kariakoo anakuja saa nane na hela mkononi, amueni. Baba yako akavua kofia, akahesabia noti humo.

Mimi miguu ilikuwa imeniwaka moto. Nikaona kijiwe cha zege kimechomoza kwenye majani, upana wa sahani, katikati kina nondo, pembeni kimeandikwa herufi na namba. Nikakikalia. Nikakunyonyesha, nikamenya chungwa. Nikamuuliza yule kijana, hili jiwe la nini? Akasema la watu wa bomba la maji.

Ilikuwa bikoni, mwanangu, alama ya mpaka inayowekwa na wapima ardhi. Serikali ilikuwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002. Shamba linatwaliwa, mwenyewe analipwa fidia, linapimwa, viwanja wanapewa waombaji. Yule mzee alishakula fidia yake. Alituuzia ardhi isiyokuwa yake tena, na mimi nimekalia mpaka wa watu, namba inanichoma pajani, sijui kuisoma.

Miezi minne baadaye, tumeshamwaga lori la mchanga na tofali mia mbili, akaja mtu na barua ya toleo, ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, na ramani yake. Hakutukana. Alichutama, akafuta udongo kwa kiganja, akatusomea namba moja moja, kisha akatuonyesha karatasi. Heri angetukana. Mchanga ule hatukuurudia.

Basi utasema, mama kanijibu, niende chuo. Ngoja kwanza. Kweli, nikimkumbuka yule binti mthamini aliyekuja kukadiria thamani ya nyumba baba yako alipotaka mkopo wa benki, moyo unaniambia hivyo hivyo. Hata maji hajanywa, aliuliza bikoni za urasimishaji, zile za mtaa ulipopimwa, ziko wapi. Nilimpenda pale pale. Akaniambia kwa sheria ya 2016 huwezi kuifanya kazi ile bila kusajiliwa, na husajiliwi bila shule yake. Dalali ataje bei mpaka jua lizame, benki wanataka sahihi ya yule binti.

Lakini nyumba hii ya Chanika tuliipata kwa nani? Kwa dalali! Mzee wa darasa la saba, ana baiskeli na daftari. Tulikwenda kwake na hela ya kukopa, tunatetemeka, tunataka tumalize siku hiyo hiyo. Akakataa. Akatupeleka kwa majirani wa pande zote nne, kila mmoja akamuuliza mbele yetu mpaka unapita wapi. Halafu akamgeukia muuzaji: mkeo yuko wapi? Yuko Kisarawe, anauguza mama yake. Basi tutamsubiri. Baba yako akaja juu, kiwanja kitachukuliwa! Mzee akamwambia, "Ardhi haitoroki, bwana." Tulisubiri siku 11. Mama yule akaja, akaweka dole gumba mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mpaka leo hakuna aliyetugongea mlango kudai. Mzee akachukua asilimia kumi yake kwa muuzaji, na mimi nikampelekea jogoo. Miaka mingi baadaye nikasikia redioni kwamba sheria ndivyo inavyotaka, mwenza aridhie. Sidhani kama mzee yule aliwahi kufungua kitabu cha sheria hata kimoja.

Sasa unaona ninavyozunguka. Chuo kingenifundisha kusoma lile jiwe. Lakini chuo gani kilimfundisha yule mzee kusubiri siku 11 na ada yake ikiwa hatarini? Na yule kijana wa Kigamboni, angekuwa na shahada, si angetuibia kwa ufundi zaidi?

Nikuambie kilichonishtua kwenye sauti yako. Si hela, hela nimefurahi, na gesi uliyoninunulia bado inawaka. Ni pale uliposema mteja wa Mapinga anatakiwa alipe kesho, la sivyo kiwanja kinakwenda. Nikajiona niko kwenye mikorosho. Ardhi haitoroki, Hamisi. Nafasi ya chuo ndiyo yenye tarehe ya kuthibitisha, na viwanja utavikuta likizo... Naona mkono unaanza kukuamulia. Nauzuia. Nimeahidi kwa shangazi yako kwamba sitakuamulia, ingawa namna ninavyotaka kuliandika lile neno, Mungu anajua.

Jumamosi njoo. Uje na barua ya chuo na karatasi zote za hicho kiwanja cha Mapinga, tuzitandaze mezani pamoja. Mimi nimeshaitoa ile karatasi ya mauziano ya 2004 kwenye kopo la biskuti. Ina doa la chungwa. Nataka uishike kwa mkono wako.

Ila kwa sasa nipigie, unijibu hili tu: huyo anayeuza ana mke? Umemwona?

Mama yako