Kupima nyota badilifu za M4 ukiwa Mwanza

Mkuu, umeuliza kama darubini ya inchi 8 na kamera ya CMOS vinatosha kufuatilia nyota badilifu (zinazobadilika mwangaza) za fungunyota, yaani nyota nyingi zilizosongamana, ukiwa Mwanza. Vinatosha, ila fungunyota Omega Centauri iweke pembeni kwanza: inafika kileleni usiku wa manane katikati ya Aprili, masika imekolea. Anza na M4, fungunyota lililo kwenye kundinyota la Nge. Juni iko angani karibu usiku kucha na inapanda hadi nyuzi 66. Nyota zake za RR Lyrae (nyota badilifu zinazorudia mabadiliko yake kwa mpangilio) zina mag (kipimo cha mwangaza) 13 na ushee, na zile za aina ya ab hupanda na kushuka kwa karibu mag 1 ndani ya nusu siku hivi.

Antares, nyota angavu, iko nyuzi 1.3 tu mashariki yake. Iache nje ya fremu, la sivyo mwanga wake unatapakaa upande mmoja wa picha. Tumia chujio cha V (cha mwanga wa kijani-njano), kila picha sekunde 40 hadi 60, na thamani ya nyota unayopima kwenye picha isivuke 45,000, maana kikomo cha kamera ni 65,535. Katikati ya fungu, duara la kupimia mwangaza linaloizunguka nyota kwenye picha linameza na majirani, hivyo badiliko linaonekana dogo kuliko lilivyo. Anza na za pembeni. Nyota ya kulinganishia iwe na rangi inayokaribiana. Ukichukua jitu jekundu (nyota kubwa nyekundu), grafu ya mwangaza itapinda M4 ikishuka magharibi.

Giza la mwezi, ambalo wengi hulisubiri, huku lina kero zake: ndipo taa za wavuvi wa dagaa zinapojaa ziwani na wadudu wa ziwa wanapoibuka kwa mawingu. Laptop ikae ndani. Mwezi mpevu wa Juni nao hukaa jirani na Nge. Mwezi wa siku 5 au 6 una nafuu, unazama mapema.

Stendi nyingi za darubini hazishuki hadi nyuzi 2.5, latitudo ya Mwanza. Inua mguu wa kaskazini, kisha angalia chuma cha uzani kisigonge miguu.

Kinachoharibu kazi za wengi ni saa. Nyota ya kipindi cha siku 0.5, ukiipiga saa mbili hadi saa nne kila usiku, inakuonyesha kipande kilekile tu. Usiku mmoja anza jioni, mwingine kesha hadi alfajiri. Andika kwa UTC (saa mbili usiku ni 17:00), kisha geuza kuwa HJD (muda unaohesabiwa kana kwamba uko kwenye Jua), maana Dunia kulizunguka Jua kunasogeza muda hadi dakika 8. VStar (programu ya kutafuta vipindi vya nyota badilifu) ikitoa vilele viwili vya kipindi vinavyolingana, vikiachana kwa mzunguko 1 kwa siku, usichague kwa macho. Ongeza usiku wa saa tofauti.