Lennox Lewis na vipigo vyake viwili

Je, Lennox Lewis, bondia wa Uingereza wa uzito wa juu, alistaafu akiwa na deni kwa mabondia waliompiga? La, kwani katika rekodi yake ya ushindi 41, sare 1 na vipigo 2, vipigo vyote viwili alivilipa katika marudiano. Oliver McCall alimwangusha raundi ya pili jijini London mwaka 1994. Waliporudiana Las Vegas mwaka 1997, McCall alishusha mikono na kulia machozi katikati ya ulingo, hadi mwamuzi akalisimamisha pambano raundi ya tano (ushindi halali, ingawa haukumwongezea Lewis sifa kubwa). Hasim Rahman alimzimisha Brakpan, Afrika Kusini, Aprili 2001, na Novemba mwaka huohuo Lewis akamlaza kwa KO (kumwangusha asiweze kuendelea) raundi ya nne. Hata ile sare na Evander Holyfield ya Machi 1999, ambayo watazamaji wengi waliona Lewis kadhulumiwa, aliifuta kwa pointi mwezi Novemba.

Ila wanaosema kwamba Lewis alibaki na deni kwa bondia Vitali Klitschko wana msingi. Juni 2003 daktari alisimamisha pambano lao baada ya raundi sita kwa sababu ya jeraha baya juu ya jicho la kushoto la Klitschko, na ushindi ukaenda kwa Lewis, ingawa majaji wote watatu walikuwa wamempa Klitschko uongozi wa pointi 58 kwa 56. Lewis alistaafu Februari 2004 bila kumpa marudiano.