Re: Faili za zamani za ushirika wa kahawa hazionekani kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo

Habari dada, pole na mizunguko. Umesema umetafuta KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kwenye kompyuta za maktaba ya chuo hapo Moshi ukitaka habari za kahawa miaka ya 1920, ikaja sifuri. Na mimi ilinikuta hivohivo, nilipoteza siku mbili nzima nikijua hawana kitu, kumbe nyaraka nyingi za makusanyo maalumu hazimo kwenye katalogi ya vitabu kabisa, zina orodha yake kwenye rejista, we mfuate mkutubi umwombe hiyo rejista.

Ila cheki kwanza jina. KNCU imesajiliwa 1933, kabla ya hapo wakulima walikuwa na KNPA ya 1925, kwa hiyo ya miaka ya 1920 utafute kwa jina hilo, yaani Kilimanjaro Native Planters Association. Ukitaka nyaraka za enzi za Mjerumani andika Dschagga, ndo walivyoandika wao jina la Wachagga.

Nenda na barua ya utambulisho, kitambulisho na penseli, kalamu ya wino huwa hawaruhusu na wana haki, karatasi za miaka mia hazina mbadala. Picha omba ruhusa, zima flash. Halafu tafadhali andika namba ya boksi na ya faili kila ukurasa unaonakili, mimi sikuandika na ilibidi nipande gari toka Arusha kurudi upya kisa nukuu moja tu.

Ukikosa hapo, Nyaraka za Taifa Dar wana faili za serikali ya Mwingereza.