"Alikuwa mwigizaji" au "ni mwigizaji"?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu Shabana Azmi wa India. Nimeanza hivi: "Shabana Azmi alikuwa mwigizaji na mwanaharakati. Amezaliwa mwaka 1950 na amekuwa mbunge kuanzia 1997 hadi 2003. Alishinda tuzo nyingi." Mhariri ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umemfisha!" Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri wako hakukosea. Msomaji akikutana na "alikuwa mwigizaji" mwanzoni mwa wasifu, tena bila kutajiwa kipindi, ataelewa kwamba mhusika amefariki au ameiacha kazi. Azmi yu hai na angali anaigiza, kwa hiyo andika "ni mwigizaji". Hata akikaa miezi bila filamu mkononi, "ni" haiondoki: kiishio -ji katika "mwigizaji" ni cha mazoea.

Ila usije ukaifyeka -li- yote. Ubunge wake ulikuwa na mwanzo na mwisho. Ukisema "amekuwa mbunge", -me- inalileta jambo hadi leo; ukiongeza "hadi 2003", umelikata palepale. Andika "alikuwa mbunge kuanzia 1997 hadi 2003". Na kwa kuwa Rais ndiye aliyempa kiti hicho katika Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, ungeeleweka vizuri zaidi kwa "aliteuliwa". Mbunge wa kuteuliwa na wa kuchaguliwa si mamoja, nasi wa huku tunalijua hilo.

"Amezaliwa mwaka 1950" utaisikia kila mahali, na katika mazungumzo sina ugomvi nayo. Katika wasifu, tarehe ikishatajwa, -li- ndiyo mahali pake: "alizaliwa Septemba 18, 1950". Au ikwepe njeo kabisa: "mzaliwa wa Hyderabad, binti wa mshairi wa Kiurdu Kaifi Azmi na mwigizaji wa jukwaani Shaukat". Mimi ningechagua hii ya pili, maana inaonyesha mara moja sanaa aliitoa wapi.

Kwenye tuzo, -me- inakufaa: "Ameshinda mara 5 Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kike." Hesabu bado iko wazi, huenda akapata ya sita. Ukishuka kwenye tuzo mojamoja, rudi kwenye -li-: ya kwanza aliipata kwa Ankur, filamu ya mwaka 1974, na ya tano kwa Godmother ya mwaka 1999.

Harakati zake ndizo zinazokudai usimulizi, na hapo -ka- isikupite. Kwa mfano: "Mwaka 1986 serikali ilibomoa mabanda ya Sanjay Gandhi Nagar, Bombay. Azmi akaungana na wakazi, akagoma kula, hadi serikali ikakubali kuwapa ardhi kwingine." Ona -li- inavyofungua mlango, kisha -ka- zinaingia kwa mpangilio. Ukiweka -li- kila mahali, matukio yatasimama kila moja kivyake, na msomaji hataona lipi lilizaa lipi.

Hapo pia usiandike "alifunga". Wengi wetu tutasoma saumu, wakati yeye alikuwa kwenye mgomo.