Shamba la mzee likitoka dhahabu: ushauri kwa uliyepigiwa simu

Simu ya namna hii huja usiku. Mdogo wako anapiga kutoka kijijini, anahema, anakwambia shamba la mzee limetoka dhahabu, watu wameshaanza kupigilia vigingi, njoo haraka. Mimi niliipokea nikiwa Mwanza. Nilipofika kwetu, mkoani Geita, asubuhi ya siku ya tatu, shamba la mihogo la baba lilikuwa limefunikwa na maturubai ya bluu mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa amekaa kizingitini akitazama watu ambao hakumjua hata mmoja.

Wachimbaji wanaita hali hiyo rashi. Ndani ya wiki moja utaona mama lishe, wauza maji, karasha zinazosaga mawe usiku kucha na mabroka, madalali wa dhahabu, wenye mizani ya mfukoni. Ya kwetu ilidumu miezi minne. Baba hakuwa na wa kumwambia haya ninayoyaandika, na mengi tuliyajua maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yakiwa yameshachimbwa.

Jua kwanza jambo linalouma: kwa sheria ya Tanzania, madini yaliyo chini ya shamba si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya Jamhuri. Chako ni cha juu: ardhi, mazao, nyumba, makaburi ya wazee. Anayetaka kuchimba lazima awe na leseni, na kwa mchimbaji mdogo hiyo ni PML (Primary Mining Licence), leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hupewa Mtanzania kwa miaka saba. Anayewahi ofisi ya madini kuomba eneo lenu anaweza asiwe mtu wa kwenu. Kwetu hakuwa baba. Yeye aliamini kwamba kutambuliwa na kijiji kunatosha, na aliyepata leseni akawa mtu aliyefika na pikipiki siku ya pili. Kwa hiyo ukifika usianze kuchimba, wala usianze kugombana na vijana walioko shimoni. Nenda ofisi ya madini ya mkoa, uliza kama eneo limeshaombwa. Kama bado, liombeni ninyi, siku hiyohiyo.

Mambo haya hayakuanza na sisi. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, magharibi mwa Kenya, na walowezi wakamiminika. Mwaka uliotangulia serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, watapewa nyingine ya ukubwa uleule. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: sasa ardhi ingeweza kuchukuliwa kwa kulipwa fedha tu. Ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya vizazi haikumaliza miaka mitatu mbele ya dhahabu. Kila nikikumbuka habari hiyo namwona baba akiambiwa, "Mzee, usiwe na wasiwasi, tutaelewana."

Tulielewana kwa mdomo. Katika kila viroba kumi vya mawe, kimoja ni cha shamba. Mawe yalitoka usiku, yakahesabiwa usiku, na aliyehesabu hakuwa wa kwetu. Wewe andika. Mwite mwenyekiti wa kijiji, weka mashahidi, kila upande ubaki na nakala. Kisha weka msimamizi wako kwenye kila duara, mtu anayelala palepale, anayeona kiroba kikipanda na ngazi. Bila msimamizi karatasi peke yake haitakusaidia.

Na kwenye karatasi hiyo usisahau marudio. Hapa ndipo wenye mashamba wengi wanapopoteza, nami inaniuma kuliko yote. Jiwe likishasagwa na kuoshwa mwaloni, pale pa kuoshea, unabaki mchanga ambao mtu asiyejua anaona ni uchafu. Huo ndio marudio. Baba alifurahi walipojitolea kuuondoa shambani kwake bure, akawashukuru. Kumbe njia ya kuosha na kunasa kwa zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga huo, na wenye mitambo ya kuchenjua, yaani kutoa dhahabu, kwa kemikali ya sayanaidi hununua marudio kwa malori. Tuliwaona wakipakia kwa wiki mbili. Hatukupata hata shilingi, kwa sababu kwenye makubaliano yetu ya mdomo neno marudio halikutajwa.

Sasa zebaki. Unga wa mawe hukorogwa na zebaki kwenye karai, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha donge huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Unaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni haumwachi. Kwetu donge lilichomwa kwenye jiko la mkaa la shangazi, lilelile la kupikia ugali, watoto wamezunguka kuona dhahabu inavyogeuka rangi. Nilikuwepo na sikusema kitu, maana sikujua. Usikubali donge lichomwe nyumbani, wala kwenye chombo cha jikoni, wala karibu na mama mjamzito. Kuna vifaa vya kuchomea vilivyofungwa, vinavyonasa ule mvuke ili zebaki itumike tena. Anayechomea kwenu alazimike kuwa nacho.

Mialo nayo isiwe karibu na kisima wala kijito. Huko California, ambako dhahabu ilionekana Januari 1848, baadaye kampuni zilibomoa vilima vizima kwa mabomba ya maji. Tope lilijaza mito na kufunika mashamba ya wakulima wa mabondeni. Wakulima walishitaki, na mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kumwaga kifusi hicho mitoni. Walishinda, lakini zebaki iliyokwishaingia majini haikutii hukumu: mpaka leo watu wanapewa tahadhari kuhusu kula baadhi ya samaki wa ghuba ya San Francisco. Nasi ziwa letu ni Victoria. Sangara na sato wa huko ndio mboga yetu.

Kuhusu kuuza, siku hizi kuna nafuu. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata mikoani. Pale unapima kwa mizani inayoonekana na bei ya siku unaijua. Ukimuuzia broka porini unavunja sheria na bado unapunjwa.

Labda utauliza kama familia yetu ilipata chochote. Ilipata, kupitia mama. Wiki ya pili aliondoka pale kizingitini, akaazima masufuria mawili kwa jirani, akaanza kupika wali na maharage kando ya njia ya kwenda maduarani. Mchimbaji hula leo hata kama jiwe halijatema dhahabu. Mwaka 1848, kule California, mfanyabiashara Samuel Brannan alijaza duka lake makarai na makoleo kwanza, ndipo akapita barabara za San Francisco akitangaza dhahabu. Mama hakuwahi kumsikia mtu huyo. Chumba cha matofali wanachokaa wazee sasa kimetokana na masufuria yale. Kama kwenu kuna mtu wa kupika au kuchota maji ya kuuza, aanze kabla hujamtuma kijana yeyote kuingia chini kushika moko, ile patasi ya mawe, na nyundo.

Na kijana wa shule asiingie kabisa. Shule ya kijiji ilibaki na madawati matupu miezi ile, na mtoto wa baba mdogo aliyeacha darasa la sita ili abebe viroba hakurudi tena darasani. Alikuwa wa kwanza katika somo la hesabu.

Rashi ilipohamia kijiji kingine, watu waliondoka kwa siku tatu. Miti yote ya baba ilikuwa imekatwa kuwa matimba ya kuzuia kuta za maduara, na maduara yenyewe yalibaki wazi, kumi na tisa. Ng'ombe mmoja alitumbukia mvua za kwanza. Ndiyo maana nakusihi uandike pia nani atafukia, na ushikilie sehemu ya mgao wake mpaka afukie. Sisi tunafukia kwa mikono, kila kiangazi mawili matatu. Yamebaki saba. Mwaka huu tutaanza na lile lililo karibu na kisima, kwa sababu mtoto wa dada yangu ameanza kutembea.