Sushi na Vitamutamu vya Kijapani: Msomaji wa Ujiji Aelekea Tokyo

SWALI: Mhariri, salaam. Nimechaguliwa kuhudhuria mafunzo ya kazi jijini Tokyo. Hapa mkoani Kigoma Wajapani si wageni, kwani watafiti wao walianza kuwachunguza sokwe wa Mahale mwaka 1965, lakini chakula chao sijawahi kukionja. Ningependa kula sushi, yaani yale matonge ya wali wa siki ambayo mara nyingi huwekewa samaki, na vitamutamu vya kwao mahali penye heshima pasipo na gharama kubwa. Mimi ni Mwislamu, na samaki mbichi ananitia hofu. Je, nikirudi naweza kutengeneza sushi kwa migebuka ya ziwani kwetu?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa nafasi hiyo. Ushauri wetu ni kwamba uanzie kwenye mikahawa ya sushi ya mkanda unaozunguka na kupitisha sahani mbele ya wateja, mtindo ulioanzishwa na Yoshiaki Shiraishi karibu na jiji la Osaka mwaka 1958. Kampuni kama Sushiro, Kura Sushi na Hama Sushi zina matawi mengi jijini Tokyo, na sahani zao za bei ya chini kwa kawaida huanzia kati ya yeni 100 na 200. Tunaipendelea mikahawa hii kwa mgeni kwa sababu bei huonekana kabla hujala, picha za vyakula zimo kwenye kioo cha kuagizia, na hakuna atakayekushangaa ukila sahani mbili tu na kuondoka. Mikahawa midogo ya kifahari, ambako mpishi ndiye anayekuchagulia na bei pengine haikuandikwa popote, iache mpaka utakapoalikwa na wenyeji wako. Ukitaka kuona pia pilikapilika za soko, nenda Tsukiji asubuhi: soko la jumla la samaki lilihamia Toyosu mwaka 2018, lakini maduka na mikahawa ya nje ya soko la zamani bado yapo.

Hofu yako ya samaki mbichi isikuzuie, kwa kuwa si kila sushi huwa na samaki mbichi. Yapo matonge ya wali yaliyowekewa kamba waliochemshwa, yai lililokaangwa na kukunjwa, au samaki aina ya mkunga aliyepikwa, na ipo sushi ya tango iliyoviringishwa kwa mwani. Zoea hizo kwanza, kisha ujaribu jodari. Unaruhusiwa kula kwa mkono, na unapochovya kwenye sosi ya soya chovya upande wa samaki, kwa sababu wali ukilowa humomonyoka. Tangawizi ya siki huliwa baina ya tonge moja na jingine ili kusafisha kinywa.

Kuhusu dini yako, swali ni la msingi, na jibu lake halimo kwenye samaki bali kwenye viungo. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, lakini baadhi ya wapishi huongeza mirini au sake, vinywaji vya mchele ambavyo vina kileo, na sosi nyingi za soya huongezewa kileo kidogo ili zisiharibike. Kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza, au utafute mikahawa yenye cheti cha halali. Katika msikiti mkubwa wa Tokyo Camii, karibu na kituo cha treni cha Yoyogi-Uehara, utakutana na Waislamu wenyeji watakaokuelekeza vizuri zaidi.

Sasa migebuka. Tafadhali usiile mbichi, wala kuhe, wala samaki yeyote wa maji baridi, kwa sababu samaki hao wanaweza kubeba minyoo inayomwambukiza binadamu. Mwongozo wa Marekani kwa samaki wanaoliwa wabichi unataka wagandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, jambo ambalo friji zetu za nyumbani, pamoja na kukatika kwa umeme, haziwezi kulihakikisha. Hata Wajapani wa kando ya Ziwa Biwa, wanaosifika kwa sushi ya kale iitwayo funazushi, humweka samaki wao kwenye chumvi na kisha kumchachusha ndani ya wali kwa miezi mingi. Mgebuka wako mchome au umkaange vizuri, kisha umweke juu ya wali uliotiwa siki. Utakuwa mlo mtamu usio na hatari.

Vitamutamu usivitegemee kwenye mkahawa wa sushi, kwani vina nyumba zake. Duka la Naniwaya, mtaa wa Azabu-Juban, limekuwa likioka taiyaki, mkate wenye umbo la samaki uliojazwa maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari, tangu mwaka 1909. Duka la Toraya, lililoanzia Kyoto katika karne ya 16, lina chumba cha chai mtaa wa Akasaka, ambako hupewa chai ya kijani pamoja na yokani, kitamutamu kigumu kiasi cha maharage, sukari na utomvu wa mwani unaogandisha, badala ya jelatini ya wanyama. Mochi, yaani donge la mchele unaonata uliopondwa, ni laini lakini hunata sana, hivyo itafune polepole, maana kila mwaka mpya wazee kadhaa nchini Japani hukabwa nayo. Ya kujazwa matunda huliwa siku hiyohiyo. Ukitaka zawadi ya kufikisha Ujiji, nunua yokani iliyofungwa, ambayo hudumu miezi mingi bila friji.