Fangasi sugu: "tatu kwa moja" iliniponza

Nilijikuna miezi minane. Choa kilianzia kinenani, kiduara chenye ukingo mwekundu, kikashuka mapajani. Nikauziwa krimu ya "tatu kwa moja": dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Siku ya tatu muwasho ukakata, nikaisifu. Nikiacha kupaka wiki moja tu, kinarudi kipana zaidi.

Kumbe steroidi ilikuwa inanyamazisha muwasho kwa kufifisha kinga ya ngozi, fangasi wakiendelea kutanuka. Ukiitumia sana hata lile duara hupoteza umbo, likafanana na pumu ya ngozi.

Daktari wa ngozi alinikwangua magamba ukingoni yakaangaliwe kwa darubini. Kisha akaandika dawa mbili za kutumia pamoja: kapsuli za itrakonazoli na krimu ya terbinafini. Mbili za nini? Zote huzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa seli zao, ila kila moja hukata njia hiyo mahali tofauti. Kapsuli hupita kwenye damu ikafika hadi kwenye vinyweleo, krimu inashambulia kutokea juu. Siku hizi wapo fangasi, kama Trichophyton indotineae, ambao mara nyingi terbinafini peke yake haiwawezi.

Usijichanganyie vidonge mwenyewe, tafadhali. Mimi nilipimwa ini kwanza, nikaulizwa kuhusu moyo na dawa nyingine ninazomeza. Itrakonazoli haimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, na haipatani na simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli. Mjamzito aseme mapema. Kapsuli humezwa mara baada ya kula, na dawa za kupunguza asidi tumboni huifanya ifyonzwe kidogo. Hilo la asidi ndilo lingeniangusha, maana nilikuwa nazimeza kila siku kwa ajili ya kiungulia.

Krimu nilipaka hadi sentimita 2 nje ya ukingo, nikaendelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Hapo ndipo zamani nilikuwa nakosea: muwasho ukiisha, nami naacha.

Taulo langu likawa langu peke yangu, chupi zikafuliwa kwa maji ya moto. Mwenzangu naye alikutwa na duara kiunoni ambalo hakuwahi kulitaja, tukatibiwa wote.

Madoa meusi yalibaki miezi kadhaa. Hayakuwasha, na sikuyapaka kitu.